Kula kwa Kibano

Mlango wa kabati letu la jikoni una sumaku ndogo. Ukifunguliwa unalia tak, ukifungwa unalia tak nyingine, nzito kidogo. Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa kitandani macho wazi, nikisikiliza. Tak, tak. Tak, tak. Kufika mara ya sita nikatupa shuka nikaenda.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amesimama gizani, miguu mitupu. Anafungua kabati, anatazama rafu ya pili, anafunga. Kisha anafungua tena. Kwenye rafu ile ndipo mkate ulipokuwa ukikaa. Ilikuwa wiki ya tano tangu mkate uondoke nyumbani kwetu, na kila alfajiri alikwenda kuangalia kama umerudi.

"Waziri," nikamwambia, "haupo, mama. Leo haupo, na kesho hautakuwepo."

Akafunga. Akafungua.

Tunamwita Waziri kwa sababu ana miaka saba, hana maneno mengi, na nyumba nzima inaendeshwa na kidole chake. Akielekeza kidole kwenye pazia, pazia linafungwa. Akielekeza kwa shangazi yake, shangazi anapunguza sauti, au anajaribu. Ana usonji. Tulilijua hilo tangu ana miaka mitatu, tukalizoea, tukajifunza njia zake. Alikuwa na vyakula vyake vitatu tu duniani, mkate mweupe bila kingo, biskuti za duara na tambi zisizotiwa kitu, na sisi tulishukuru kwamba anakula.

Kisha tumbo likaanza kumvimba kama mpira, akawa anaharisha na kulia usiku. Vipimo vikaonyesha utumbo wake hauivumilii ngano. Daktari akasema isiingie tena mdomoni mwake, hata chembe. Mkate ni ngano. Biskuti ni ngano. Tambi ni ngano. Nilimwangalia yule daktari nikasubiri aseme kwamba anatania.

Alikuwa sahihi, siwezi kumsingizia. Tumbo lilishuka, usingizi ukaja. Ila mtoto akabaki na vitu viwili tu alivyokubali kumeza: uji wa mchele kwenye kikombe chake cha bluu, na ndizi mbivu isiyo na doa. Doa moja jeusi kwenye ganda, ndizi inaenda kwa kuku wa jirani.

Na mama yake, binti yangu, anafanya kazi wapi? Kwenye kiwanda cha mikate. Anafunga mikate kwenye mifuko, saa nane kwa siku amesimama. Msimamizi wake, Mungu amjalie, alimruhusu aoge kule kule kazini na kubadili nguo kabla ya kutoka, ili asije na unga nyumbani. Hata hivyo Waziri alikuwa akimpokea mlangoni, anamshika nywele, anazinusa, halafu anamtazama usoni kama mtu aliyedhulumiwa.

"Nafunga mikate elfu kwa siku," binti yangu aliniambia siku moja, ameketi kwenye ngazi hajavua hata viatu, "na mwanangu namnyima kipande."

Mambo yalikuwa hivi: kliniki walimpima, akawa amefika kilo kumi na tano na gramu mia nane. Alikuwa ameshuka mara mbili mfululizo. Mama wa lishe, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, alitueleza bila kuzunguka. "Mrudi baada ya wiki mbili. Akishuka tena, itabidi tumlaze, tumwekee mpira wa kulishia kupitia puani. Sitaki kuwatisha. Nataka mjue."

Mtoto huyu kitana kikimgusa kichwa analia. Siku ya kutolewa damu tulimshika watu wanne, na mmoja wao alikuwa mlinzi wa geti. Mpira puani, mchana na usiku? Wangemfunga mikono. Mama wa lishe hakulisema hilo, lakini binti yangu alimuuliza, na yeye akatazama chini.

Basi alfajiri ile ya kabati, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, nikafanya kosa. Nililifanya kwa nia njema, lakini nia njema haimshibishi mtoto.

Nilifikiri: uji anakunywa. Yai lina nguvu. Nikitia yai kwenye uji, nani atajua? Kiini kina rangi, nikakiweka pembeni. Nikachukua ute peke yake, nikaupiga, nikautia kwenye uji unaochemka huku nakoroga kama mtu anayefukuzwa. Ukatoa nyuzi nyeupe. Mimi ni fundi wa nguo, vitambaa ndiyo kazi yangu, nikauchuja uji mara mbili kwa kitambaa cha bitana. Ukatoka laini, mweupe, huwezi kuutofautisha. Nikajisifu moyoni.

Waziri akashika kikombe. Akanusa. Akagusa kwa ncha ya mdomo. Kisha akanitazama mimi, si uji. Kwa kawaida hapendi kumwangalia mtu machoni, lakini siku hiyo aliniangalia. Akakiweka kikombe mezani, akakisukuma taratibu kwa kidole kimoja mpaka kikafika ukingoni, na akaendelea kusukuma.

Mchana nikapika uji mwingine, mchele na maji tu. Akaukataa. Jioni nikapika tena. Akaukataa. Nikabadili kikombe, akakimbilia chini ya meza. Uji ulikuwa umeshapoteza jina.

Binti yangu aliporudi nikamweleza yote. Siwezi kumficha mtu jambo la mwanawe.

"Mama," akasema, "tulikuwa na vitu viwili."

"Najua."

"Sasa tuna ndizi."

"Najua, mwanangu."

Akaenda jikoni. Nikasikia maji yanafunguliwa, sufuria inasuguliwa kwa hasira, sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Baadaye akarudi na kikombe cha chai, akakiweka mbele yangu. Ilikuwa na sukari kama ninavyoipenda. Nikainywa nikiwa na aibu.

Kesho yake shule ya Waziri ikafunga kwa likizo. Kwa hiyo nikaenda naye kazini, na mkoba wenye ndizi nne zilizokaguliwa kila upande.

Kazini kwangu ni kwenye korido, ghorofa ya chini ya jengo lenye ofisi nyingi juu. Cherehani yangu iko chini ya ngazi. Natengeneza zipu, napunguza suruali, nashona vifungo vya watu wenye haraka. Mkabala nami, hatua sita hivi, yuko fundi saa kwenye kibanda chake cha kioo. Mzee mwenzangu, mjane, maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko.

"Fundi, saa yangu vipi?" mteja anauliza.

"Ipo."

"Imepona?"

"Nimesema ipo."

Miaka tisa tumekaa tukiangaliana hivyo, na salamu zetu ni za asubuhi na za jioni tu. Lakini siku moja mvua ilipoingia kwenye korido, ni yeye aliyeinua cherehani yangu juu ya viti kabla sijafika. Sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mfagiaji.

Waziri alikaa kwenye stuli yangu ya akiba kwa nusu saa. Akapanga vifungo kwa ukubwa, akamaliza. Kisha akashuka, akavuka korido, akasimama mbele ya kile kibanda, paji la uso limegusa kioo. Ndani kuna trei za chuma zenye vyumba vyumba, kila kijiparafujo na chumba chake, kila gurudumu na chumba chake, hakuna kinachomgusa mwenzake. Fundi ana lenzi jichoni, kichwa chini, anachukua vitu kwa kibano kimoja kimoja.

"Samahani, Fundi," nikaita. "Akikusumbua nirudishie."

"Nani?" akasema, bila kuinua kichwa.

Sikumrudisha. Nilikuwa na suruali tatu za mtu anayesafiri jioni. Kila nikiinua macho naona Waziri ameingia hatua moja zaidi, mpaka akawa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda, pembeni ya meza.

Saa saba kamili fundi saa akafungua kopo lake la chakula. Nilikuwa nimeliona kopo lile kwa miaka tisa bila kulitazama. Lina vyumba vitatu. Kimoja kina viazi vilivyokatwa vidogo kama dadu na kukaangwa kidogo, kimoja kina yai la kuchemsha vipande, kimoja kina tango. Na mzee huyu hali kwa mkono wala kwa kijiko. Mikono yake ina mafuta ya saa tangu asubuhi, na hataki chumvi ya viazi iingie kwenye saa za watu. Kwa hiyo ana kibano kingine, cha chakula tu, kina uzi mwekundu kwenye mpini. Anachukua dadu moja, anatia mdomoni, jicho la lenzi bado liko kwenye saa.

Nikiwa nauma uzi nikaona mkono wa mjukuu wangu unanyooka, unakichukua kile kibano chenye uzi mwekundu kutoka mezani, unakishusha kwenye chumba cha viazi.

Nilisahau kutoa uzi mdomoni.

Alichukua dadu moja. Akaigeuza kwenye mwanga. Akaitia mdomoni. Akatafuna. Akameza.

Niliruka kutoka kwenye kiti, miguu yangu ya miaka sitini na sita ikasahau umri. "Fundi! Umetia unga humo?"

"Unga wa nini?"

"Kwenye viazi!"

"Viazi, mafuta, chumvi." Akanyanyua kichwa kidogo, akatafuta kibano chake, hakukiona, akachukua kingine kwenye droo, akakifuta kwa shati. "Kuna nini?"

Waziri akakiweka kibano mezani, akashuka kwenye kigoda. Kelele zangu zilikuwa zimemfukuza. Nikajiuma ulimi.

Siku ya pili nikakaa kwangu kama niliyegundishwa. Nilimwomba fundi ruhusa asubuhi, akasema, "Viazi vipo." Saa saba Waziri akaingia, akaketi, akachukua kibano. Nilishona zipu ile ile mara mbili bila kujua. Alipotoka nikavuka mbio.

"Amekula vingapi?"

"Sijui."

"Hujui? Alikuwa hapo, sentimita thelathini!"

"Mimi nilikuwa kwenye saa ya mtu." Akalisukuma kopo kwangu. "Hesabu vilivyobaki."

Nilitamani kumpiga na kopo lenyewe. Mtoto anasubiriwa na mpira puani, na huyu bwana hajui. Lakini nikahesabu. Nikamuuliza alikata viazi vingapi, akasema viwili vidogo, na yeye mwenyewe hula kama robo tatu. Kwa makadirio yangu, Waziri alikula dadu kumi na mbili.

Nilifika nyumbani nikipaa. Njiani nilinunua kibano kipya, nikafunga uzi mwekundu. Nikakata viazi vidogo, nikavikaanga kwenye sufuria mpya ambayo haijawahi kuona unga. Nikatafuta sahani yenye vyumba. Binti yangu akafika, nikamwambia, akafunika mdomo kwa viganja viwili. Shangazi yake Waziri, wifi wa binti yangu, anayeishi mlango wa pili na kuja kwetu kila jioni kama taarifa ya habari, naye akaja.

Tukamketisha Waziri. Tukakaa wote watatu mbele yake.

"Kula, mama," nikasema.

"Kula, Waziri wetu," akasema shangazi. "Kimoja tu. Kimoja kwa shangazi."

Binti yangu alikuwa na daftari la kliniki mkononi, kalamu tayari. Waziri akakitazama kibano. Akatutazama mikono, kisha vifua, hakufika usoni. Akateremka kwenye kiti akaenda kufungua kabati. Tak, tak.

"Huyo mzee anatia nini kwenye viazi vyake?" shangazi akauliza.

"Hatii kitu!"

"Basi anamroga."

"Shangazi, tafadhali, nimechoka," nikasema.

Nililala nimeudhika na kila mtu, na mimi mwenyewe wa kwanza. Viazi ni vile vile. Kibano kile kile. Uzi mwekundu niliufunga mimi kwa mikono hii. Kitu gani kiko kwenye kibanda kile na hakipo kwangu? Nilijigeuza huku na huku, na neno la yule mzee likawa linaniudhi zaidi ya yote: sijui.

Ndipo nikaona. Hakujua kwa sababu hakumwangalia. Na sisi tangu wiki tano zilizopita hatujafanya kitu kingine zaidi ya kumwangalia. Kila tonge lina mashahidi watatu na mwandishi. Tunashika pumzi akifungua mdomo. Tunahesabu kwa sauti, moja, mbili, haya ya tatu, kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Hata mtu mzima angekabwa.

Asubuhi nikamwambia binti yangu kabla hajatoka.

"Tusimwangalie?" akasema. "Mama, kliniki wanataka niandike kila kitu. Nitaandika nini?"

"Utahesabu vilivyobaki. Jikoni, yeye akishaondoka."

"Na akipaliwa?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Nikamwambia nitakaa ubavuni, macho kwenye ushonaji wangu, masikio kwake. Akapachika mkoba begani. "Mama," akasema, "mimi sijui kukaa na mwanangu bila kumwangalia." Lakini akakubali.

Mchana, kwa fundi, dadu kumi na tano na kipande cha ute wa yai. Yai! Nilikwenda nyuma ya ngazi nikacheka peke yangu. Mfagiaji akaniuliza kama niko salama.

Jioni tukajipanga. Waziri mezani na sahani yake ya vyumba. Mimi ubavuni na shati la mtu. Binti yangu sakafuni, mgongo kwa meza, anakunja nguo. Shangazi nikampa kazi ya kutengua sweta la zamani, uso ukutani. Nikamwambia, "Hata jengo likianguka, usigeuke."

"Mimi? Mimi nitakuwa kama jiwe."

Kimya. Saa ya ukutani. Magari nje. Kisha nikasikia ncha ya kibano inagusa sahani, ting. Na kutafuna, taratibu. Ting nyingine. Binti yangu alikuwa ameshika fulana moja kwa muda mrefu, haikunji wala haiweki. Hakugeuka. Ting. Ting. Nilikuwa nimefika ya saba kwa masikio, na nina hakika ile ya nane ilikuwa njiani, pale jiwe lilipogeuka.

"Amekula!" shangazi akapaza sauti, akapiga makofi. "Jamani, anakula mwenyewe! Waziri oyee!"

Cha nane kikatemwa mezani. Kibano kikaruka. Sahani ikafuata. Waziri akaziba masikio, akaingia chini ya meza akaanza kulia kwa sauti ile inayotoboa kuta, na viazi vikatapakaa mpaka mlangoni.

Mimi ni mtu wa subira, watu husema hivyo. Siku hiyo subira haikuwepo.

"Shangazi! Nimekuomba kitu kimoja! Kufumba mdomo! Mtoto wa miaka saba anaweza kunyamaza mwaka mzima, wewe dakika kumi zimekushinda?"

"Mama, nilifurahi tu..."

"Furahia kwako! Furahia barabarani! Nenda!"

Akaenda, na sweta lake mkononi, uzi unamfuata sakafuni. Binti yangu akaingia chini ya meza, akalala chali karibu na mwanawe bila kumgusa, kama apendavyo. Mimi nikaokota viazi kimoja kimoja. Saba alikuwa amekula, nilihesabu sawa, na sikuwa na furaha yoyote ya kuhesabu.

Jioni iliyofuata nikasikia kitu mlangoni. Shangazi alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, beseni katikati ya miguu, anakata viazi. Amekata dadu sawa sawa kiasi kwamba ungedhani alipima kwa rula. Kisu kipya, beseni jipya, na alinionyesha viganja vyake pande zote mbili.

"Nimenawa mara tatu," akanong'ona. Sijawahi kumsikia akinong'ona tangu kaka yake amwoe binti yangu. "Siingii ndani, Mama. Mimi sijiamini. Nitakata hapa hapa, nyie kaangeni."

Nikaketi naye kwenye ngazi dakika chache, nikamwomba radhi. Akasema hata yeye angejifukuza. Kila jioni iliyobaki alikata viazi pale nje, na akitaka kujua, ananiinulia nyusi, nami namwonyesha kwa vidole. Alivumilia. Siku moja nilimwonyesha vidole ishirini na akajifunika kanga usoni ili asipige kelele.

Lakini msidhani mambo yalinyooka. Siku mbili kati ya zile hakula kitu nyumbani isipokuwa ndizi. Siku moja fundi alileta viazi vyekundu, Waziri akavikataa kwa sababu ya rangi, akala ute wa yai peke yake. Siku nyingine mteja alichungulia kwenye kibanda akasema, "Fundi, umepata mwanafunzi?" na chakula cha siku hiyo kikaishia hapo. Nilimfuata yule mteja mpaka nje nikamwambia maneno mawili. Kila alfajiri kabati lilikuwa linalia, na mimi kila alfajiri nilijiuliza kama vidadu vile vinatosha kushindana na mizani.

Siku ya kliniki ikafika, Ijumaa. Binti yangu aliomba ruhusa kazini. Waziri hakubali kusimama kwenye mizani, kwa hiyo mama wa lishe hunipima mimi nikiwa nimembeba, kisha mimi peke yangu, anatoa. Ana huruma yule mama: hugeuza mizani upande wa ukuta ili kilo zangu zisionwe na wanaosubiri.

"Bibi, hizi ni siri zetu," husema.

Nikapanda na Waziri kifuani. Nikampa mama yake, nikapanda peke yangu. Mama wa lishe akaandika, akatoa. Akafuta. Akatoa tena.

"Bibi, hebu panda tena."

Nikapanda tena na mtoto, nikapanda tena peke yangu. Binti yangu alikuwa amenishika mkono wa gauni, anauvuta bila kujua, nikasikia mshono unaachia begani.

"Kilo kumi na tano na gramu mia tisa," mama wa lishe akasema. "Hajashuka. Ameongeza gramu mia moja."

"Gramu mia," binti yangu akasema. "Gramu mia moja ni nini?"

"Ni mwezi mmoja," akajibu. "Nawapa mwezi. Hakuna kumlaza leo." Kisha akavuta daftari letu. "Niambieni mmefanya nini. Hapa mmeandika 'vilivyobaki'. Na hapa mmeandika 'kibano'. Kibano ni nini?"

Tukamweleza. Nilitegemea atacheka, au atatugombeza. Aliandika yote, akauliza viazi vinakatwa ukubwa gani, nikamwonyesha kwa kidole gumba. Akatuongezea mafuta kijiko kimoja kwenye viazi, na dawa ya vitamini ya matone, na akasema chakula kipya kije kimoja kimoja, kikae kwenye chumba chake, kisifichwe ndani ya kingine. Alipotamka neno kufichwa nikatazama viatu vyangu. Binti yangu hakusema kitu kuhusu ute wa yai na bitana. Alinigusa mgongoni tu.

Tuliachiwa saa nane na nusu. Binti yangu akakimbilia zamu ya jioni. Mimi nikapita kazini na Waziri kuchukua koti la mteja. Nilikuwa na njaa, nimechoka, bega la gauni limeachia, na sikuwa na hamu ya kuongea na mtu.

Fundi saa alikuwa kwenye kibanda, lenzi jichoni. Mbele yake kopo la chakula, limefunikwa. Kibano chenye uzi mwekundu kimewekwa juu ya kifuniko, na kigoda kimevutwa mezani.

"Hajashuka, Fundi," nikamwambia kupitia mlangoni. "Tumepewa mwezi."

"Vizuri."

"Asante sana. Kwa kweli sijui nikushukuruje."

"Viazi tu." Akageuza saa ya mtu, akaipuliza. Nikadhani amemaliza, kama kawaida yake, nikamshika Waziri mkono tuondoke. Ndipo akavua lenzi. Miaka tisa, sikuwa nikijua macho yake yote mawili yanafanana vipi.

"Leo saa saba nilifungua," akasema, "nikafunga. Sikuweza kula. Nimezoea kumsikia akitafuna." Akakisogeza kigoda kidogo kwa mguu. "Jumatatu nitachemsha karoti. Asipoitaka basi, itakaa kwenye chumba chake. Lakini mje, Bibi Waziri. Mje saa saba, msichelewe."